Nyota, tanga na kipande cha kamba

Msomaji mpenzi, ukifika Mombasa shule zikiwa zimefungwa, usikimbilie Bamburi kuanika mgongo kabla hujapita Mji wa Kale. Fuata barabara ya Nkrumah mpaka mwisho wake, pale bahari inapochungulia, usimame mbele ya ngome ya Fort Jesus. Kabla hata hujatoa hela ya kiingilio utakutana na mizinga miwili ya chuma, imekaa kimya kama wazee walionuniana. Mmoja ulitoka katika manowari ya Waingereza iliyoitwa Pegasus, na wa pili katika manowari ya Wajerumani, Königsberg. Asubuhi ya Septemba 20, 1914, Königsberg iliivamia Pegasus ikiwa imetia nanga Unguja, ikaizamisha. Kisha yenyewe ikakimbilia delta ya mto Rufiji kujificha, na huko huko ikateketezwa mnamo Julai 1915. Leo mizinga ya mahasimu hao imewekwa pamoja, na watoto huiparamia ili wapigwe picha.

Mjukuu wangu naye aliuparamia mmoja. Ana umri wa miaka 12, na ndiye aliyenitoa nyumbani. Jioni moja alikuwa akichezea simu ya mama yake, ile inayomwambia mtu pinda kushoto, pinda kulia, akaniuliza, "Babu, watu wa zamani walijuaje njia baharini na hakukuwa na simu?"

Nikamjibu kwamba walitazama nyota.

"Walizitazamaje?"

Hapo, msomaji, nilinyamaza. Na aibu yenyewe ni kwamba babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha. Alipakia boriti Lamu akazipeleka Mombasa na Unguja, na katika ujana wake alifika hadi Maskati. Mimi nililala mkeka mmoja naye kwa miaka mingi, na swali la mtoto likanishinda. Basi likizo ya Aprili ilipofika tukafunga mikoba.

Kuhusu ngome sitakuchosha, kwa maana mengi uliyasoma shuleni. Ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na mchoraji wake alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Waingereza waliigeuza gereza kuanzia 1895 hadi 1958, ndipo ikatengenezwa kuwa makumbusho. Mwaka 2011 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Kinachonivuta mimi ni kile chumba chenye vitu vilivyotolewa chini ya maji, mita chache tu kutoka ukuta wa ngome yenyewe.

Hebu fikiria. Mnamo Machi 13, 1696 majeshi ya Oman yaliizingira ngome hii. Waliokuwa ndani, Wareno na Waswahili waliokuwa upande wao, walifungiwa humo kwa miaka 2 na miezi 9. Njaa ilikuwepo, lakini maradhi ndiyo yaliyowamaliza. Msaada ulikuja kwa bahari, na mojawapo ya merikebu zilizokuja ni Santo António de Tanná, iliyoundwa Bassein, karibu na Mumbai ya leo. Oktoba 1697 merikebu hiyo ilizama hapo hapo mbele ya ngome, walio juu ya kuta wakiitazama. Desemba 13, 1698 Waomani wakaingia.

Merikebu ikalala matopeni karibu miaka 280. Wapiga mbizi walipoigundua, Makumbusho ya Kenya yalishirikiana na wataalamu wa mambo ya kale ya baharini kutoka Texas, Marekani, na kuanzia 1977 hadi 1980 wakaichimbua kwa uangalifu mkubwa. Maelfu ya vitu vilipanda juu: mitungi, kaure za Kichina, vipande vya mpingo, mizinga. Mbao za merikebu zilipimwa na kuchorwa, kisha zikafunikwa tena na mchanga zilipo, kwa sababu mbao zilizokaa majini karne tatu ukizianika ovyo huporomoka. Kwa hiyo ukisimama juu ya ngome ukatazama maji yale ya kijani, ujue chombo kingali hapo chini.

Mbona msaada haukuja haraka? Mtoto aliniuliza hilo pia, na hili nililijua. Ni pepo. Pwani yetu ina mabwana wawili. Kaskazi huanza kuvuma mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Machi, akileta vyombo kutoka Bara Hindi na Arabuni. Kusi humpokea Aprili, akavirudisha. Anapopamba moto, Juni na Julai, mabaharia wa zamani walisema bahari imefungwa, hakuna aliyevuka. Ukiwa Goa na habari mbaya imekufikia mwezi wa Mei, unaweza kuwa na merikebu 20 na askari tele, utakaa. Nadhani hakuna mtawala aliyeongoza vita vya pwani hii kwa miaka mingi kama upepo.

Tulipofika kwenye kabati la kioo ndipo jambo likanipata. Sikuwa nimelitazamia. Nilikuwa nikitazama vyombo vya marehemu wale wa 1697, kila kimoja na kibandiko chake, nikakumbuka sanduku la babu.

Babu alipofariki mwaka 1979 aliacha sanduku la mkangazi. Ndani mlikuwa na dira ndani ya kikasha cha mbao, bildi ya risasi ya kupimia kina, na daftari kubwa aliloandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu. Aliliita rahamani yake. Humo aliandika bandari, miamba, nyota na siku za safari. Wajuzi wa lugha hueleza kwamba neno hilo lilitoka Uajemi likiwa na maana ya kitabu kinachoonyesha njia, na ndilo tunalotumia leo tukisema ramani. Mimi nilikuwa kijana wa miaka 19 na herufi zile sikuzisoma kwa urahisi. Mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale alinipa shilingi 300 kwa sanduku zima. Nikaziongeza juu ya akiba yangu nikanunua redio ya kaseti. Redio yenyewe iliharibika baada ya mwaka mmoja na nusu.

Sikumwambia mtoto. Nilimvuta mkono tukatoka nje penye jua.

Usiku ule tulilala kwa dada yangu, Kuze, kwenye nyumba yenye paa la sakafu. Tulikuwa tumeazimia kutengeneza kile chombo ambacho Waarabu walikiita kamali. Nawe waweza kukitengeneza leo leo, msomaji, hata kama uko Kakamega. Mabaharia walitumia kibao cha pembe nne kilichotobolewa katikati na kupitishwa kamba. Sisi tulikata gamba la katoni ya maziwa, tukaliunganisha na uzi wa katani. Ncha ya kamba unaiuma kwa meno, kibao unakinyoosha mbele ya uso. Ukingo wa chini uukalishe pale bahari inapokutana na mbingu. Kisha usogeze kibao mbele au nyuma mpaka ukingo wa juu uguse nyota yako. Hapo funga fundo kwenye kamba. Fundo hilo ndilo mji wako.

Kwani nyota za upande wa kaskazini hupanda juu kadiri unavyosafiri kwenda kaskazini, na hushuka kadiri unavyorudi kusini. Nahodha aliyekuwa na fundo la Mombasa akipotea kati ya bahari alisafiri kaskazini au kusini mpaka nyota ikakaa sawasawa kwenye fundo lile. Halafu akageuza usukani kuelekea magharibi tu, bila kubabaika, mpaka akaona minazi.

Vipimo vyao vilikuwa vya vidole. Duara zima la mbingu waliligawa vidole 224, ambayo ni kusema kidole kimoja kilikuwa zaidi kidogo ya digrii moja na nusu. Na chombo kilichosafiri moja kwa moja kaskazini kwa zamu nane, kila zamu saa tatu, kilihesabiwa kuwa kimepanda kidole kimoja. Neno zamu unalijua. Manesi na askari wanalitumia kila siku, wala hawajui kwamba limetoka kwenye vyombo.

Sasa iko shida moja. Nyota maarufu kuliko zote kwa mabaharia ni ile ya kaskazini, ambayo sisi wa pwani huiita nyota ya jaa. (Haina uhusiano na jaa la taka, jina ni la Kiarabu.) Hiyo haisogei, imepigiliwa kama msumari na nyingine zinaizunguka. Lakini Mombasa iko digrii nne kusini mwa mstari wa ikweta, kwa hiyo jaa liko chini ya upeo wa macho. Hulioni hata ukipanda mnazi. Manahodha waliokuja huku walitumia majirani zake: nyota mbili ziitwazo Farkadani, yaani ndama wawili, na Naashi, zile saba zenye umbo la kata ya maji. Ndama wawili huzunguka jaa, na zikifika juu kabisa ya mzunguko wao huonekana vizuri tu kutoka Mombasa.

Mwanzoni mwa Aprili hufika juu yapata saa nane za usiku. Dada yangu alipotusikia tukipanda ngazi saa saba na nusu alidhani ni wezi.

Sitakuficha, msomaji: simu ndiyo iliyotuonyesha zilipo. Taa za Nyali zilikuwa zimeng'arisha mbingu kiasi kwamba peke yangu nisingezipata. Na kwa kuwa upande wa kaskazini wa Mombasa ni nchi kavu, si bahari, ilitubidi tutumie mstari wa mapaa na minazi ya ng'ambo kuwa upeo. Nahodha wa kweli angetucheka. Lakini mtoto aliuma kamba, akafumba jicho moja, akasogeza katoni, akasogeza tena, na hatimaye akasema kwa meno yaliyofungwa, "Hapa." Nikafunga fundo. Tukaiandika tarehe.

Asubuhi tulipanda basi la Lamu. Safari ni ndefu, Kilifi, Malindi, Garsen, Witu hadi Mokowe, na ukipata kiti cha nyuma mifupa yako itakusimulia wiki nzima. Malindi sikushuka, lakini nilimwonyesha mtoto upande iliko nguzo nyeupe ya Vasco da Gama yenye msalaba wa mawe yaliyotoka Lisbon, nikamsimulia.

Wareno walifika Malindi Aprili 1498 baada ya kutoelewana na watu wa Mombasa. Njia ya kwenda Bara Hindi hawakuijua. Mfalme wa Malindi akawapa kiongozi, na mnamo Aprili 24 wakang'oa nanga. Siku tano baadaye aliyekuwa akiandika habari za safari alitaja kwamba wameiona tena nyota ya kaskazini, ambayo hawakuwa wameiona kwa muda mrefu. Kwa siku 26 hivi wakawa wamefika Calicut.

Kiongozi huyo ni nani? Vitabu vingi tulivyosomea vilisema ni Ahmad ibn Majid, mwanachuoni mkubwa wa bahari kutoka Julfar, ambayo leo ni Ras al-Khaimah. Mimi niko upande wa wale wasioafiki. Ibn Majid wakati huo alikuwa mzee aliyevuka miaka 60, na waandishi wa Kireno wa karne iliyofuata walimtaja kiongozi wao kuwa mtu wa Gujarati. Walimwita Malemo Cana. Tazama neno lenyewe, msomaji: Malemo si jina la mtu, ni "mwalimu", cheo cha mtu aliyejua hesabu za bahari. Ibn Majid hapungukiwi na kitu. Aliandika kitabu kikubwa cha elimu ya bahari mwaka 1490, na shairi refu la kueleza njia ya kwenda Sofala, kupitia pwani hii hii yetu.

Mwandishi mmoja wa Kireno, João de Barros, ameacha kisa ninachokipenda. Da Gama alimwonyesha yule mwalimu chombo chake kikubwa cha mbao cha kupimia jua, akitazamia mtu ashangae. Mwalimu hakushangaa. Akasema kwamba marubani wa Bahari ya Shamu wana vyombo vya shaba vya kazi hiyo hiyo, na yeye na wenzake hutumia kingine, cha vibao vitatu. Akakitoa akamwonyesha. Basi chombo hicho ni ndugu wa katoni iliyokuwa mkobani mwetu.

Na wakati wa kurudi? Da Gama hakungoja upepo. Alitoka India kusi likiwa halijaisha na kaskazi halijakaa, akahangaika baharini takriban miezi mitatu. Mabaharia wapatao 30 walikufa kwa kiseyeye. Alipofika Malindi Januari 1499 alikuwa na watu wachache hata ikambidi aichome moto merikebu yake moja, São Rafael, karibu na Tanga, kwa kukosa wa kuiendesha. Kwenda, chini ya wiki nne. Kurudi, miezi mitatu. Bahari ni ile ile, isipokuwa safari ya pili hakukuwa na mwalimu wa kumwambia subiri.

Kabla hatujaiacha Malindi kuna jambo jingine ambalo hata wenyeji wengi wamelisahau. Kaskazini kidogo ya mji, katika ghuba ya Ungwana, Wataliano walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, wakayaita San Marco, na kutoka hapo wakarusha roketi kati ya 1967 na 1988. Walipachagua kwa kuwa ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisukuma roketi zaidi. Desemba 12, 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, Wamarekani walirushia hapo chombo cha kuchunguza nyota zinazotoa mionzi ya eksirei, cha kwanza cha aina yake duniani. Walikipa jina Uhuru. Orodha kiliyoiandaa ina vyanzo 339 vya mionzi hiyo angani. Mtoto alinikazia macho kana kwamba namtania. "Kutoka Malindi, Babu?" Ndiyo, kutoka Malindi.

Lamu tulifika jua likielekea kuchwa. Kesho yake tukaenda Makumbusho ya Lamu, pale ufukweni, jumba la ghorofa lenye milango ya nakshi. Wageni wengi husimama mbele ya siwa ya Pate, baragumu ya pembe ya ndovu, na wana haki yao. Ni kazi ya ajabu. Lakini ukitaka ushauri wangu, nenda moja kwa moja kwenye vyombo.

Huko utamwona mtepe. Ni mfano mdogo tu, lakini mtazame kwa makini. Mtepe haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilitobolewa na kushonwa kwa kamba za makumbi, kama mtu anavyoshona mkeka. Tanga lake lilikuwa la pembe nne, limesukwa kwa miyaa, na omo yake ilichongwa mfano wa shingo na kichwa cha ngamia. Vyombo vya kushonwa katika pwani hii vimetajwa na Myunani mmoja mfanyabiashara karibu miaka 2,000 iliyopita. Zamani za kale wasafiri walieleza kwamba watu wa bahari hii hawatumii misumari kwa sababu chini ya maji mna majabali ya sumaku yatakayoinyofoa yote. Hadithi tamu. Ukweli ni kwamba chuma kilikuwa ghali na makumbi yalikuwa ya bure. Zaidi ya hayo, chombo kilichoshonwa hulegea kidogo kikigonga mwamba badala ya kupasuka. Na kikiharibika, unashona.

Wabajuni na watu wa visiwa hivi waliiunda mitepe mpaka miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Kufikia miaka ya 1930 ilikuwa imekwisha. Hakuna hata mmoja uliosalia mzima, sehemu yoyote duniani. Unguja walijaribu miaka ya mwanzo ya 2000 kuunda mmoja wa ukubwa kamili, wakauita Shungwaya, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib. Waundaji walilazimika kujifunza kutokana na mifano midogo kama huu wa Lamu na maandishi ya watu waliowahi kuiona, kwa sababu fundi wa kumwuliza hakuwepo. Na jumba lenyewe sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020.

Nilimtazama yule ngamia mdogo wa mbao, nikamweleza mtoto habari za sanduku. Zote, na bei yake. Alinisikiliza, kisha akauliza swali moja tu: "Na mle kwenye daftari, nyota zilikuwemo?"

Nikamwambia zilikuwemo.

Mchana tulikwenda Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo upande wa pili wa kisiwa. Tulimkuta mzee mmoja akikalafati jahazi lililoegeshwa ufukweni, akisindilia pamba na mafuta kwenye nyufa za mbao, nyundo yake ikilia tap, tap. Nikamwamkia, naye akatazama juu. "Ndoo, mwanangu, keti hapa penye kivuli," akaniambia, mimi mwenye mvi! Amepita miaka 80.

Nilipomwuliza habari za nyota alicheka. Alisema yeye mwenyewe alianza na dira, akaja mashine, na sasa wajukuu zake wana simu. Nyota alizipokea kwa baba yake, si zote. Lakini alianza kuzitaja huku nyundo ikiendelea: jaa, ambalo alilionea mbele ya Kismayu; Farkadi; Naashi; na Suheli, nyota kubwa ya kusini, ambayo kwa mabaharia jina lake ndilo lilikuwa jina la upande wenyewe wa kusini. Akataja Kilimia, lile kundi la vinyota vilivyosongamana. "Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua," akasema, "na kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua." Methali hiyo umeisikia bila shaka. Kila mwaka, kuanzia mwisho wa Aprili, Kilimia humezwa na mwanga wa magharibi, kikapotea wiki kadhaa, halafu mnamo Juni kikatokeza mashariki alfajiri. Mkulima alijua majira yake na nahodha alijua kwamba kusi limeshika hatamu. Na siku za safari, alituambia, hawakuzihesabu kwa kalenda ya ukutani. Walihesabu miongo, kumi kumi, tangu siku ya mwaka wa Kiswahili, ule wa Nairuzi.

Mjukuu wangu alikuwa ametoa daftari lake la hesabu na alikuwa akiandika. Mzee akamrekebisha matamshi mara tatu.

Mwishowe nikamweleza mzee habari za sanduku la babu. Sijui nilitaka aniambie nini. Alisimamisha nyundo.

"Uliliuza kwa ngapi?"

"Mia tatu."

"Walikuibia," akasema, akarudi kwenye ufa wake.

Usiku ule tulipanda juu ya paa la nyumba tuliyofikia. Lamu bado ina giza zuri kuliko Mombasa, na upande wa kaskazini mikoko imejipanga sawasawa kama mstari uliopigwa kwa rula. Lamu iko kaskazini mwa Mombasa kwa karibu digrii mbili, yaani kidole kimoja na kitu. Babu yangu alizoea kusema kwamba kutoka Mombasa hadi Lamu, upepo ukiwa mwema, ni mchana na usiku wake. Zamu nane! Nimeisikia kauli hiyo maisha yangu yote, na siku zote nilidhani ni mazungumzo tu.

Saa nane za usiku ndama wawili walisimama juu ya mikoko. Mara hii mtoto alizipata mwenyewe, simu ikiwa mfukoni. Akauma kamba, akainyoosha katoni hadi lile fundo la Mombasa. Nyota ikawa juu ya ukingo, imepita. Akaivuta katoni karibu na uso, polepole, mpaka ikagusa. Nikafunga fundo la pili. Tulipolipima kwa mwanga wa tochi, kati ya fundo na fundo palikuwa na nafasi ya vidole vyangu vinne.

"Kwa hivyo huku ni Lamu," akasema.

Kamba hiyo imetundikwa kwenye msumari karibu na kitanda chake, na zile nyota za mzee zimeandikwa nyuma ya daftari, baada ya ukurasa wa sehemu na desimali. Mjukuu wangu amekwisha kutazama atlasi. Unguja, anasema, iko digrii mbili na zaidi kusini mwa Mombasa, kwa hiyo fundo lake litakuwa mbali na uso kuliko yote, na mkono wake unabidi urefuke kidogo. Ananiuliza kila Jumamosi tutavuka lini.